Saa Bilioni 16.4 kwa Siku, na Rekodi Nyingine za Wanawake Katika Uchumi

Orodha za wanawake waliovunja rekodi katika uchumi kwa kawaida huanzia juu, kwenye viti vya ngozi. Tuanzie huko huko, ila tusikae sana, maana rekodi nzito zaidi ziko sokoni, jikoni na mpakani.

Aliyekalia viti vingi

Januari 2021 Janet Yellen aliapishwa kuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, akawa mtu wa kwanza, wa kike au wa kiume, kuwahi kuongoza Baraza la Washauri wa Uchumi wa Rais, Benki Kuu na Hazina ya nchi hiyo. Desemba 2022 zikazinduliwa noti za kwanza za dola zenye saini za wanawake wawili, yake na ya Mweka Hazina wa nchi hiyo, Lynn Malerba. Anayeishika noti hiyo kwenye duka la kubadilishia fedha Kariakoo huenda haangalii saini.

Tarehe 1 Machi 2021 Ngozi Okonjo-Iweala, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa Nigeria, alianza kazi kama Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Biashara Duniani (WTO). Ni mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kwenye kiti hicho, baada ya wanaume sita. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba waliofika hatua ya mwisho ya kinyang'anyiro wote walikuwa wanawake: yeye na Yoo Myung-hee wa Korea Kusini, aliyejitoa Februari mwaka huo.

Karibu na kwetu, Malangu Kabedi Mbuyi alikuwa gavana wa kwanza mwanamke wa Benki Kuu ya Kongo mwaka 2021, na Soraya Hakuziyaremye akashika ya Rwanda mwaka 2025. Tanzania na Kenya zina benki kuu tangu 1966 na hazijawahi kuwa na gavana mwanamke.

Kazi kubwa kuliko zote duniani

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa hesabu iliyotokana na takwimu za matumizi ya muda katika nchi 64. Kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa zilifika saa bilioni 16.4 kwa siku. Ni sawa na watu bilioni 2 kufanya kazi saa 8 kila siku bila senti. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Zikilipwa kima cha chini cha mshahara, thamani yake ingekuwa kama asilimia 9 ya pato la dunia nzima. Hakuna sekta ya kiwanda au mgodi inayoajiri watu wengi hivyo, wala inayoandikwa kidogo hivyo kwenye bajeti.

Kati ya wataalamu waliolipigia kelele jambo hili mapema kabisa alikuwa Phyllis Deane, Mwingereza aliyeajiriwa mwaka 1941, akiwa hajafika hata miaka 25, ili aujaribu kwenye makoloni mfumo uliokuwa mpya wa kuhesabu pato la taifa. Wakubwa London walitaka kinachouzwa na kununuliwa tu. Deane alikwenda vijijini Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, akaona kwamba ukiacha kuni zinazookotwa na chakula kinachopikwa na wanawake, umeacha sehemu kubwa ya uchumi wenyewe. Aliandika hivyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuhesabu pato la taifa, za mwaka 1953, hazikumfuata.

Mwaka 1988 Marilyn Waring, aliyekuwa mbunge wa New Zealand, akachapisha kitabu kizima cha kuzishambulia kanuni hizo. Zilipokuja kurekebishwa mwaka 1993, kuchota maji na kuokota kuni vikaingizwa kwenye uzalishaji unaostahili kuhesabiwa. Kupika kwa maji yale yale na kuni zile zile kukaachwa nje. Naomba msomaji arudie sentensi hizo mbili, kisha amweleze mama aliyetua ndoo na sasa anapuliza moto ni wapi hasa alipoacha kuzalisha.

Walioiazima serikali magari

Rekodi ninayoipenda kuliko zote iko Lomé, Togo. Kuanzia miaka ya 1960 wanawake wa soko kuu la mji huo walishika biashara ya jumla ya vitenge vya wax vya Vlisco, kampuni ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846. Waliitwa Nana Benz kwa sababu ya Mercedes walizonunua, na serikali ilipopata wageni wa heshima ilikwenda kuwaomba magari. Togo ilitoza ushuru mdogo, kwa hiyo wanunuzi walitoka nchi jirani hadi Kongo kuja kufunga mizigo kwao.

Utajiri wao haukuwa bahati. Mama mkubwa alipewa haki ya kuuza michoro fulani peke yake. Alijua rangi gani inanunuliwa haraka Kinshasa na ipi inalala dukani Cotonou, akarudisha habari hizo kwa Waholanzi. Tena wafanyabiashara wa kike ndio walioipa michoro majina, kama kanga zetu zinavyobeba maneno, na jina likichoma, kitambaa kinakwisha. Mchoro wa ndege wakiruka kutoka tunduni uliitwa "Ukitoka, nami natoka". Mume aliyerudi usiku wa manane akamkuta mkewe amekivaa hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Januari 1994 wakuu wa nchi zinazotumia faranga ya CFA, wote wanaume, walikutana Dakar wakaishusha thamani kwa nusu. Faranga 1 ya Ufaransa, iliyokuwa ikibadilishwa kwa CFA 50, sasa ilidai CFA 100. Kwa anayeuza pamba au kakao nje hiyo ilikuwa nafuu, na ndivyo vitabu vya uchumi vinavyofundisha. Kwa anayeingiza kitenge kutoka Uholanzi, bei ya kununulia ilipanda maradufu usiku mmoja, na wateja wake hawakuongezewa mshahara. Biashara ya kuuza nje ilipata ahueni, na biashara iliyokuwa mikononi mwa wanawake ikavunjika mgongo. Baadaye vikaja vitenge vya bei rahisi kutoka China, na kizazi kipya cha akina dada, Nanettes, kikaanza kupanda ndege chenyewe kuvifuata. Akitafutwa mtu wa kuthibitisha kwamba thamani ya sarafu ina jinsia, aitwe shahidi kutoka Lomé.

Kodi ya kwanza kufutwa

Mwaka 2004 Kenya iliondoa VAT kwenye sodo, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Uingereza ilifuata mwaka 2021, miaka 17 baadaye.

Tanzania ilisamehe kodi hiyo kwenye taulo za kike mwaka 2018 na kuirudisha mwaka 2019. Sababu iliyotolewa bungeni ni kwamba bei dukani haikushuka. Lawama ziliwaangukia wafanyabiashara, na wapo waliostahili. Lakini msamaha wa VAT una mtego wake: mtengenezaji hatozi kodi anapouza, ila kodi aliyolipa kwenye pamba, plastiki na umeme hawezi kuidai irudishwe, kwa hiyo huificha ndani ya bei. Dawa yake ni kutoza kiwango cha sifuri, ambapo kodi hiyo hurudishwa. Mjadala wa jambo la kike ulikufa kwa sababu ya kipengele cha uhasibu, na msichana wa shule akaendelea kununua kwa bei ile ile.

Sura za kwanza kwenye mikataba

Mkataba wa kwanza wa biashara huria wenye sura nzima kuhusu jinsia ni wa Chile na Uruguay, wa mwaka 2016. Rais wa Chile wakati huo alikuwa Michelle Bachelet, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa UN Women. Mwaka uliofuata, huko Buenos Aires, wanachama na waangalizi 118 wa WTO waliunga mkono tamko la kwanza la biashara na uchumi wa wanawake. Afrika ikaongeza itifaki ya wanawake na vijana kwenye Eneo Huru la Biashara (AfCFTA) mwaka 2024. Karibu sura zote za aina hii hazina njia ya kumshitaki anayezivunja. Canada na Israel ziliweka njia hiyo katika mkataba wao uliorekebishwa, ila kesi haisikilizwi mpaka pande zote mbili zikubali. Sijawahi kumwona mdaiwa mwenye haraka ya kukubali.

Zao la akina mama, bahari ya wanaume

Tanzania ndiyo inayoongoza Afrika kwa kilimo cha mwani, na Zanzibar ndiyo kitovu chake tangu 1989. Wakulima wengi mno ni wanawake. Maji yakitoka huenda na vigingi na kamba, wakafunga mbegu moja moja wakiwa wameinama. Aina yenye bei nzuri, cottonii, inakufa kwenye maji ya pwani yanayozidi kupata joto na inataka kina. Kina kinataka chombo na kuogelea, na wanawake wengi wa visiwani hawakufundishwa kuogelea. Wanabaki na spinosum, ya bei ya chini.

Mpaka wenye miguu mingi

Kati ya Goma na Rubavu kuna kivuko kiitwacho Petite Barrière, miongoni mwa vivuko vya miguu vyenye watu wengi zaidi Afrika. Kabla ya korona makumi ya maelfu walivuka kila siku, wengi wao wanawake wenye nyanya, mayai na unga kichwani, wakipatana bei kwa Kiswahili. Vigogo wa takwimu za biashara ya nje hawakuwaona kwa miaka mingi, kwa kuwa mzigo mmoja ni mdogo mno kuandikwa. Maafisa wa mpakani waliwaona vizuri sana, na wapo waliowatoza wasichodaiwa.

Kwa hiyo neno kwa msomaji anayevuka Busia, Namanga au Mutukula: kama bidhaa imezalishwa Afrika Mashariki, imo kwenye orodha ya pamoja na thamani yake haizidi dola 2,000, una haki ya cheti rahisi cha uasili. Hutolewa na forodha hapo hapo mpakani na hukuondolea ushuru wa forodha. Kodi nyingine zinaweza kubaki. Kidai kwa jina lake, na usitoe hela yoyote bila risiti.