Msomaji yuko Usoke, kitabu kiko Dar es Salaam

Usoke ni kata ya wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, kwenye reli ya kati iendayo Kigoma, ndani kabisa ya nchi ya tumbaku. Katika miji midogo ya aina hii duka la vitabu ni lile la vifaa vya shule: madaftari, kalamu, vitabu vya kiada, pengine Biblia na kamusi. Anayetaka kitabu kinachoeleza jinsi nchi inavyotawaliwa, au kiini cha vita vya majirani zetu wa Kongo, huagiza Dar es Salaam, akalipa kwa simu na kungoja kifurushi kwenye basi. Bei ya mjini huongezewa nauli, na nauli huongezewa makato ya simu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu ya mahali penyewe. Urambo ni nchi ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Mwaka 1871 aliifunga njia ya misafara ya Ujiji, akapigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, na biashara ya pembe za ndovu ikayumba hadi Zanzibar. Baadaye alitafuta urafiki wa Uingereza kupitia John Kirk, balozi wake Zanzibar, akampokea pia daktari mmisionari Ebenezer Southon mwaka 1879. Ukitaka mfano wa diplomasia, huna haja ya kwenda Vienna. J. B. Kabeya aliandika maisha ya Mirambo kwa Kiswahili, yakachapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1966. Lakini tawasifu ya Tippu Tip, mtu aliyeijua Tabora vizuri na aliyesimulia kwa Kiswahili, ilitolewa kwanza Berlin, mwaka 1902 na 1903. Tangu zamani, habari za madaraka ya njia hii zimekuwa zikichapwa mbali na watu wa njia yenyewe.

Tazama soko la leo, na vitabu vya marais wetu wa zamani. Benjamin Mkapa alizindua kitabu cha maisha yake, My Life, My Purpose, tarehe 12 Novemba 2019. Ali Hassan Mwinyi alizindua Mzee Rukhsa tarehe 8 Mei 2021. Kila mmoja alikuwa akiadhimisha siku yake ya kuzaliwa, na kila mmoja alikuwa na Rais aliyekuwa madarakani kama mgeni rasmi. Vyote ni vya Mkuki na Nyota, kampuni iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuiongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi. Mchapishaji hawezi kulaumiwa kwa kuitegemea siku ya uzinduzi: taasisi zikinunua kwa pamoja, deni la uchapaji hupungua mara moja. Ila kitabu kinachouzwa ukumbini hubaki na watu wa ukumbini.

Lugha nayo ni hesabu ya biashara. Kitabu cha Mkapa kilitoka kwa Kiingereza. Juzuu tatu za maisha ya Nyerere zilizoandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, kazi kubwa iliyotoka mwaka 2020, nazo zilitoka kwa Kiingereza. Mwinyi alichagua Kiswahili. Naona yeye ndiye aliyelielewa soko.

Kikwazo kizito zaidi ni mtaji. Baada ya sera ya mwaka 1991 wachapishaji binafsi waliruhusiwa kutoa vitabu vya kiada, na faida yake ilibeba vitabu vinavyouzika polepole. Serikali ilipoirudisha kazi hiyo kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, nguzo ikaondoka. Kuhariri na kupanga kurasa hugharimu kiasi kilekile, uchape nakala 500 au 5,000. Ukichapa chache, kila nakala inabeba mzigo mkubwa. Mwenye duka hutaka sehemu yake, tena mara nyingi hupokea kwa mali kauli na kulipa baada ya kuuza. Nani atampelekea mtu wa Usoke vitabu ishirini kwa masharti hayo?

Hata hivyo njia zipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulimhakikishia mchapishaji kwamba sehemu ya nakala itanunuliwa na kupelekwa shuleni, na vitabu vikatoka. Tuzo ya Mwalimu Nyerere, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na kazi yake huchapishwa. Lakini hiyo ni tuzo ya uandishi bunifu. Mwandishi wa siasa na historia hana mlango kama huo. Bodi ya Huduma za Maktaba ikipewa fungu la kununua nakala za kila kitabu kizuri cha siasa cha Kiswahili, mchapishaji atathubutu kuongeza idadi. Tabora kwenyewe, matbaa ya Wakatoliki ya TMP ilijifunza mapema kwamba parokia ni mtandao wa kufikisha vitabu vijijini.

Wakulima wa tumbaku hulipwa kupitia vyama vyao vya msingi, kwa msimu. Mchapishaji angefuata kalenda hiyo badala ya kalenda ya kumbi. Ningeanza na sanduku moja la Mzee Rukhsa, kwa mali kauli, kwa mwenye duka la madaftari aliye karibu na ofisi ya chama, katika mwezi wa malipo.