Bwawa Lisitangulie Baraza

Kila panapotajwa mradi wa kuzalisha umeme mtoni, sisi wakazi wa mijini huwa wepesi wa kushangilia. Wanaoishi kando ya mto huo wakiuliza maswali, twawaita wapinga maendeleo. Naiona hukumu hiyo kuwa ya dhuluma, na ningependa walimu na wanafunzi waipime upya, hasa hapa Eldoret, yaliko makao makuu ya Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Kerio, iliyoundwa mwaka wa 1979.

Tuanze na Turkwel. Bwawa hilo la Pokot Magharibi lilijengwa kati ya 1986 na 1991, na mitambo yake ina uwezo wa kuzalisha megawati 106. Umeme wake husafirishwa kwa nyaya hadi Lessos, si mbali na Eldoret, kisha hugawanywa kwingineko nchini. Kwa miaka mingi wafugaji wengi wa Pokot na Turkana waliutazama utajiri huo ukipita juu ya vichwa vyao, huku usiku wao ukimulikwa na moto wa kuni. Je, aliyeyaona hayo akiuliza umeme wa bwawa jipya utakwenda wapi, huyo ni mjinga?

Sasa tugeukie miteremko ya Marakwet, kaskazini mashariki ya mji wetu. Kwa karne kadhaa wenyeji wa huko wameyateka maji ya mito kama Arror na Embobut, wakayaongoza kwa mifereji kandokando ya majabali hadi kwenye mashamba ya bondeni. Mifereji hiyo ni mali ya koo. Wazee huketi barazani kupanga zamu za maji, na mfereji ukibomoka, wenyewe hutoka kuutengeneza. Hiyo ni sayansi, tena ni sheria, ingawa haikupitishwa na bunge lolote.

Ni katika nchi hiyo ya Elgeyo na Marakwet ambako makandarasi wa Kiitalia walipewa, mwaka wa 2017, mikataba ya kujenga mabwawa ya Arror na Kimwarer. Wako wenyeji waliofurahi, wakitumaini maji ya kunyunyizia mashamba, umeme na kazi kwa vijana. Wako pia walioingiwa na hofu juu ya ardhi yao na fidia. Julai 2019 maafisa wakuu wa serikali walishtakiwa kwa tuhuma za ufisadi. Septemba mwaka huo mradi wa Kimwarer ukafutwa, na ule wa Arror ukaamriwa upangwe upya. Machi 2023 serikali ikatangaza nia ya kuifufua miradi hiyo kwa makubaliano na Italia, na Desemba mahakama ikawaachilia washtakiwa kwa kukosekana ushahidi. Mabilioni ya shilingi yalikuwa yamekwisha kulipwa, na bondeni hapakuwa na ukuta wa bwawa uliosimama.

Mimi siupingi umeme. Shule nyingi za bondeni zauhitaji. Ninalopinga ni desturi ya kumwita mwenye mto barazani baada ya mkataba kutiwa sahihi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, yautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Basi kabla ya bwawa lolote kufufuliwa, wenyeji waambiwe kwa lugha wanayoielewa: ni mashamba ya nani yatakayofunikwa na maji, fidia italipwa lini, ni vijiji vipi vitakavyopata umeme, na mifereji yao itabakiwa na maji kiasi gani. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao.

Nanyi walimu wa jiografia, mnapofundisha unyunyizaji maji mashambani, msiishie Mwea na Perkerra. Ifundisheni pia mifereji ya Marakwet, ili mwanafunzi atakayekuwa mhandisi kesho ajue kwamba wapo wenzake waliomtangulia katika mteremko ule, na kwamba yampasa kuwauliza kwanza.