Bei ya Kinga na Gharama ya Malezi

Wazee husema kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Kauli hiyo haikuzuka bure. Katika kaya ya mkulima, mtoto wa miaka saba alichunga mbuzi, dada yake alichota maji na kumbeba mdogo wao, na wazazi walipoishiwa nguvu hawakuwa na pensheni nyingine isipokuwa watoto hao. Kwa upande mwingine, mhudumu wa zahanati huwaeleza akina mama kwamba malezi ni mzigo mkubwa na kwamba kuzuia mimba ni jambo la gharama ndogo. Kauli zote mbili ni za hesabu. Yafaa basi kuchunguza hesabu yenyewe hufanywaje.

Kipimo kimoja kwa njia zote

Njia za uzazi wa mpango hutofautiana kwa muda. Pakiti ya vidonge hutumika kwa siku 28, sindano ya kawaida kwa miezi 3, na vijiti kwa miaka kadhaa. Ili kuzilinganisha, wataalamu hutumia kipimo kimoja, yaani mwaka mmoja wa kinga kwa wenzi wawili. Kwa makadirio yaliyotumika sana tangu mwaka 2011, mwaka huo huhitaji pakiti 15 za vidonge, au sindano 4, au kondomu 120. Mwanafunzi makini atauliza: mbona pakiti 15, hali pakiti 13 zatosha siku 364? Jibu ni kwamba baadhi ya vidonge hupotea, na vingine husahauliwa.

Tuchukue mfano wa vijiti vya Jadelle, ambavyo huzuia mimba kwa miaka 5. Mwaka 2013, baada ya mapatano kati ya mtengenezaji na wafadhili, bei yake kwa nchi zenye kipato kidogo ilishushwa kutoka dola 18 hadi dola 8.50. Tukigawanya 8.50 kwa 5, tunapata dola 1.70 kwa mwaka. Lakini hiyo ni bei ya kifaa tu. Kuna pia mshahara wa muuguzi, dawa ya ganzi, glavu na usafirishaji. Katika vituo vya umma nchini Tanzania huduma hii hutolewa bila malipo, kwa hiyo gharama hizo hubebwa na Serikali na wafadhili, na mama hubaki na nauli pamoja na siku moja ya kazi iliyopotea.

Hesabu ya kushindwa

Hakuna njia iliyo kamilifu. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba katika wanawake 100 wanaotumia njia fulani kwa mwaka wa kwanza, kama watu wanavyoitumia kwa kawaida, wanaopata mimba ni 7 kwa vidonge, 4 kwa sindano, na 13 kwa kondomu ya kiume. Kwa vijiti ni 1 katika 1,000. Wasiotumia njia yoyote ni takriban 85 katika 100.

Kwa ajili ya zoezi tu, tuseme ujauzito, kujifungua na mwaka wa kwanza wa malezi hugharimu shilingi 600,000. Tukizidisha kiasi hicho kwa uwezekano wa kupata mimba, tunapata gharama inayotarajiwa kwa mwaka: shilingi 78,000 kwa kondomu, 42,000 kwa vidonge, 24,000 kwa sindano, 600 kwa vijiti, na 510,000 kwa asiyetumia chochote. Hapa yaonekana kwamba njia yenye bei ndogo dukani yaweza kuwa ghali nyumbani. Hata hivyo kondomu ina faida isiyomo katika hesabu hii, kwani huzuia pia maambukizi ya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa.

Gharama za malezi

Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza kukadiria gharama za malezi mwaka 1960. Ilikadiria kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka 2015 katika familia ya kipato cha kati angegharimu dola 233,610 hadi afikie miaka 17, na asilimia 29 ya fedha hizo ni za makazi. Tarakimu hiyo haiwezi kuhamishiwa Masasi au Kondoa, ambako wengi hujijengea nyumba na kula mazao ya shamba lao.

Nchini Tanzania ada iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kwa kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Zilibaki sare, madaftari, chakula na muda wa mama. Gharama ya muda haina risiti, nayo huwa kubwa zaidi kwa msichana aliyeko shuleni, kwa maana hulipa kwa miaka ya masomo. Ndiyo sababu uamuzi wa Novemba 2021, uliowaruhusu waliojifungua kurejea shuleni, ulikuwa na uzito wa kiuchumi pia.

Mali huelekea wapi?

Kama kinga ni rahisi kiasi hicho, mbona si wote waitumiao? Mwaka 1976 John Caldwell, mtaalamu wa Australia aliyefanya utafiti miongoni mwa Wayoruba wa Nigeria, alieleza kwamba mali inapotoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, kuzaa wengi ni uamuzi wa busara. Mkondo huo ukigeuka, uzazi hupungua. Shule huugeuza, kwa kuwa mtoto huacha kuchunga na kuanza kuhitaji daftari. Afya nayo husaidia. Nchini Tanzania vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa 147 kwa kila watoto 1,000 mwaka 1999, na 43 mwaka 2022. Mzazi hana tena haja ya kuzaa watoto wa akiba. Wastani wa watoto kwa mwanamke ulishuka kutoka 6.2 mwaka 1991/92 hadi 4.8 mwaka 2022, na matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walio katika ndoa yalipanda kutoka takriban asilimia 7 hadi 31.

Hesabu haimwambii mtu azae wangapi, wala haimfanyi mtoto kuwa hasara. Lakini mwaka 2022, takriban mwanamke mmoja kati ya watano walio katika ndoa alitaka kupumzika au kuacha kuzaa bila kutumia njia yoyote. Kwa mama huyo kikwazo si dola 1.70. Ni umbali wa zahanati, dawa kukosekana siku aliyofika, hofu ya madhara asiyoelezwa, au mume ambaye hajashirikishwa. Hizo nazo ni gharama, na atakayezipunguza atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko yule apunguzaye bei ya kifaa.