USIBONYEZE KWA KUBAHATISHA: gemu la mabomu lilivyookoa oda yangu

Leo tuzungumzie gemu. Msinicheke, mtaona linavyoingia kwenye biashara.

Waliowahi kushika kompyuta za zamani wanaijua Minesweeper, ilikuwemo kwenye Windows 3.1 mwaka 1992. Unapewa visanduku vilivyofungwa, na baadhi yake vina mabomu. Ukifungua penye bomu, umekwisha. Ukifungua pasipo bomu unapata namba, nayo inakwambia mabomu mangapi yapo kwenye visanduku vinavyogusana na hicho, pande zote mpaka pembeni.

Wengi tunabonyeza tu. Kumbe ni hesabu, kama bao pale Jaws Corner: mzee hagusi kete mpaka ajue itaishia wapi.

Kanuni ni 3:

1. Namba 2 imebakiwa na visanduku 2 tu vilivyofungwa? Vyote ni mabomu. Weka bendera.

2. Namba 1 umeshalipata bomu lake? Vilivyobaki kuizunguka ni salama. Fungua.

3. Toa. Hii ndiyo tamu. Namba 1 moja inagusa visanduku A na B. Namba 1 ya pembeni yake inagusa A, B na C. Bomu lazima liwe A au B. Hujui lipi, lakini C ni salama!

Sasa biashara. Mimi nauza vyombo mtandaoni, mzigo natoa Kariakoo. Siku moja katoni 3 za vikombe vya kahawa zilifika Malindi kwa boti. Mteja wa Jambiani anataka katoni moja ya harusi, isifunguliwe, na gari inaondoka baada ya nusu saa. Kijana aliyenipakilia Dar kanipigia: "Bosi, samahani, katoni moja iliniponyoka, ila sikumbuki ipi. Nyengine mbili ni nzima." Mchukuzi wa bandarini nae akanambia: "Hizi mbili zilizofungwa kamba pamoja, kuna vitu vinagongana ndani."

Zamani ningebahatisha. Nilishawahi, nikapeleka vikombe vilivyovunjika, nikarudisha pesa ya watu na mteja sikumuona tena.

Safari hii nikakumbuka kanuni ya 3. Kwenye zile mbili kuna mbovu. Kwenye zote 3 mbovu ni moja tu. Basi ya tatu, iliyokaa peke yake, ni nzima. Hiyo ndiyo niliyoipakia. Jioni mteja kanitumia picha, hakuna hata kikombe chenye ufa. Zile mbili nikazifungua dukani kwa utulivu.

Ila tusidanganyane. Kuna wakati gemu linakuachia visanduku 2 na hakuna namba ya kukusaidia. Hapo ni nusu kwa nusu. Ukifika hapo kwenye biashara, usiweke mtaji wote. Piga simu, omba picha, agiza kidogo kwanza. Kila jibu unalopata ni namba mpya ubaoni.

Zoezi la leo 👇
Namba 1, 2, 1 zimepangana mstari mmoja. Juu yake kuna mstari wa visanduku vilivyofungwa, kila namba inagusa 3: kilicho juu yake na viwili vya pembeni. Upande mwengine wote umeshafunguliwa. Kisanduku kilicho juu ya 2 hakiwezi kuwa na bomu. Kwa nini? Andika jibu lako kwenye komenti, na mtumie mwenzako anaependa kubonyeza bonyeza.