Nyumba Zinazokatiwa Umeme Zihesabiwe

Mwezi wa Machi, 2017, Visiwa vyetu vilipata habari ambayo haikumpita mtu. Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliwapa wadaiwa wake wakubwa siku 14 walipe, la sivyo wakatiwe. Na miongoni mwa wadaiwa hao likatajwa Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, kwa deni lililozidi shilingi bilioni 120. Habari hiyo ilisomwa redioni, ikaandikwa magazetini, ikajadiliwa katika vibaraza vya kahawa kutoka Makunduchi hadi Micheweni. Umeme haukukatwa. Wakubwa walizungumza, fedha kiasi zikalipwa, na jambo likatafutiwa njia.

Hatukumbushi hayo kwa nia ya kuchokonoa jambo lililokwisha. Tunayakumbusha kwa sababu yanaonyesha vipi mambo huendeshwa pale ambapo hesabu iko wazi. Mdaiwa mkubwa alipokaribia kukatiwa, nchi nzima iliijua siku, ikalijua na deni. Kwa kuwa ilijulikana, ilibidi wahusika wakae kitako wazungumze. Lakini mdaiwa mdogo, yule mwenye taa tatu, feni moja na friji, hana wa kumtangazia. Fundi huja na ngazi yake asubuhi, hukata waya, akaenda zake nyumba ya pili. Magharibi ikiingia, nyumba hiyo huwasha kibatari. Nyumba za namna hiyo ni ngapi kwa mwezi katika Wilaya ya Mjini? Ni ngapi Chake Chake? Huko ndiko tunakotaka kuelekeza macho ya wasomaji wetu, na hasa ya wakuu wanaohusika.

Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hututolea kila mwezi idadi ya watalii walioingia nchini, na nchi walizotoka. Hututolea vile vile mwendo wa bei za vyakula. Ni kazi nzuri, nasi huinufaika sana. Basi ikiwa mgeni anayekuja kukaa siku saba Nungwi anahesabiwa, na hapana ubaya wowote kuhesabiwa, mwenyeji aliyekatiwa umeme katika nyumba yake anastahili naye kuwamo katika hesabu.

Huenda akatokea wa kusema kwamba kukatiwa umeme ni jambo dogo. Mtu alipe, awashiwe. Sisi hatuoni hivyo, wala Visiwa hivi havina haja ya kufundishwa na mtu madhara ya giza. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme. Tena Desemba 2009 hitilafu ikazuka huko Fumba, unapotokea waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pampu zilisimama na maji yakawa ya kuchukuliwa kwa ndoo na madumu. Waliokuwa wakiuza barafu na samaki wa baridi walikaa bure. Mtaalamu wa uchumi, Alfredo Burlando, alilichunguza giza lile la 2008, na katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 alieleza kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati ule walizaliwa na uzito pungufu, kwa kuwa wazee wao walipoteza mapato. Giza lile lilichunguzwa kwa sababu lilikuwa la kisiwa kizima. Nyumba moja iliyokatiwa kwa wiki tatu ina giza lile lile, ila majirani zake wana taa.

Na hapa tuseme wazi, tusije tukafahamika vibaya. Umeme hauji bure. ZECO hununua kutoka Bara kwa fedha, na asiyelipa anamtwisha mzigo mwenzake anayelipa. Wapo watu wenye uwezo ambao kulipa ankara kwao ni kama kung'olewa jino, na wapo wanaochezea mita usiku na kuswali alfajiri. Hao hatuwatetei. Shirika lina haki ya kudai na, inapobidi, ya kukata. Tunachotaka ni kwamba ukataji huo uwe na hesabu inayosomwa, ili ijulikane nani hasa anayekatwa: mkaidi au mnyonge.

Jambo linalozidi kulifanya suala hili lihitaji uangalifu ni mita za TUKUZA, ambazo sasa zimo katika nyumba nyingi. Mita hizi zina faida zake. Zimeondoa ugomvi wa ankara za kukisia, na mtu hutumia kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini zimekuja na mkasa mpya. Fundi haji tena na ngazi. Uniti zikimalizika, nyumba hujikata yenyewe. Katika madaftari ya Shirika hapana aliyekatwa. Ndani ya nyumba hapana taa. Mama anayeuza malai na maji ya baridi kwa ajili ya kuwasomesha wanawe hujikuta friji limenyamaza saa sita usiku, na bidhaa yake ya kesho imekwisha kuyeyuka. Mgonjwa wa kisukari anayehifadhi dawa yake ya sindano kwenye friji hana wa kumlalamikia, kwani hakuna aliyemkatia. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Wenzetu Uingereza wamelipitia jambo hili. Huko msimamizi wa biashara ya nishati, Ofgem, huyataka makampuni yamripotie nyumba wanazozikata kwa madeni, na idadi hiyo ilishuka mno kadiri miaka ilivyokwenda. Mtu angedhani shida imekwisha. Kumbe wadaiwa walikuwa wakiwekewa mita za kulipia kabla, na shirika la Citizens Advice lilipofanya hesabu yake likakadiria kwamba katika mwaka 2022 watu milioni 3.2 waliishiwa na umeme au gesi kwa kukosa fedha ya kuongeza katika mita. Mwanzoni mwa 2023 gazeti moja la London likafichua jinsi watu walivyokuwa wakivunjiwa milango na kuwekewa mita hizo kwa nguvu, na Ofgem ikaamuru kazi hiyo isimame. Huko Ufaransa, msuluhishi wa taifa wa mambo ya nishati hutangaza kila mwaka ni mara ngapi nyumba zimekatiwa au kupunguziwa nguvu kwa sababu ya deni. Mnamo Novemba 2021 shirika kubwa la umeme la huko, EDF, likatangaza kwamba kuanzia Aprili 2022 halitaikata kabisa nyumba inayodaiwa, bali litaipunguzia nguvu, ibakiwe na kiasi cha kuendesha taa na friji. Katika jimbo la Illinois, Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2021 inayataka makampuni kutoa hesabu ya waliokatiwa kila mwezi, mtaa kwa mtaa.

Nchi hizo ni tajiri na sisi si tajiri, lakini kuhesabu hakuhitaji utajiri. Kila anayenunua umeme wa TUKUZA hupata tarakimu 20 za kuingiza katika mita, na mashine iliyozitoa tarakimu hizo imekwisha kuandika nambari ya mita, siku na kiasi. Kwa hiyo Shirika linaweza kujua ni mita ngapi katika shehia fulani zilizokuwa zikinunua kila wiki kisha zikanyamaza siku 30. Ni kweli kwamba nyumba nyingine itakuwa imehamwa, na mwingine atakuwa amenunua umeme wa miezi miwili kwa mkupuo mmoja. Mtu wa takwimu anajua jinsi ya kuyatenga hayo. Na hata hesabu yenye makosa madogo ni bora kuliko kukaa bila hesabu.

Rai yetu ni kwamba Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2013, iitake ZECO itoe taarifa kila mwezi, wilaya kwa wilaya na shehia kwa shehia. Taarifa hiyo ioneshe nyumba zilizokatiwa, wastani wa deni lao, siku walizokaa gizani kabla ya kurejeshewa, na mita zilizonyamaza. Sheha akiipata karatasi hiyo atajua pa kupiga hodi. Idara inayoshughulikia wazee na wasiojiweza itajua pa kuanzia. Waziri naye, akisimama katika Baraza la Wawakilishi, atazungumza jambo alilolipima.

Lakini majina ya watu yasitajwe. Tunalisisitiza hili kwa sababu tumekwisha kusikia fikra ya kubandika orodha za wadaiwa ukutani. Katika mitaa yetu, ambako watu wameoleana na kuzikana, kubandikwa jina ni adhabu inayomfika mtoto skuli na binti anayeposwa. Deni la shilingi elfu arobaini halistahili adhabu hiyo. Nambari ya shehia inatosha.

Kwa taasisi za umma hukumu yetu ni nyengine. Katika mjadala ule wa 2017 ilielezwa kwamba miongoni mwa wanaodaiwa na ZECO wamo wenye ofisi za Serikali. Hao wana bajeti iliyopitishwa na wana wahasibu. Ofisi haina binti wa kuposwa. Kwa hivyo orodha ya taasisi itoke kwa jina, deni na miezi, katika karatasi ile ile yenye nambari za shehia, ili mwananchi aliyekatiwa kwa deni la mwezi mmoja aone ni ofisi gani inayodaiwa ya mwaka na taa zake zinawaka mchana.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na makadirio ya wizara inayohusika na nishati husomwa Barazani kabla ya hapo. Wajumbe wana nafasi ya kuuliza idadi ya mwaka mzima, Unguja na Pemba kila mahali peke yake, na kutaka ijibiwe kwa maandishi.