Supu ya siku yenye shughuli: kwa nini Jinja huwahi na samaki na Mbale huanza jana yake

Ifikapo saa 11 jioni watoto wamerudi kutoka shuleni na njaa yao, sare zinangoja kufuliwa, na aliyeshinda sokoni tangu alfajiri ndiyo kwanza anafunga kibanda chake. Pengine kuna mtoto mwenye homa ambaye hataki kutafuna chochote. Katika nyumba nyingi za mashariki mwa Uganda chakula kinachokidhi haja zote hizo kwa pamoja ni supu. Kitoweo kidogo huwatosha walaji wengi, hupita hata kwenye koo linalouma, na sufuria yake haimdai mpishi asimame mbele ya moto jioni nzima.

Hata hivyo, supu hazilingani kwa wepesi. Supu ya miguu ya ng'ombe, ambayo Wauganda wengi huiita mulokoni, inasifika kwa ladha na kwa kumtia nguvu mtu aliyechoka, lakini huhitaji saa 3 au 4 za moto. Ngozi na kano za mguu huo zimejaa protini ngumu iitwayo kolajeni, ambayo hulainika polepole sana na hatimaye kuupa mchuzi ule utelezi unaonata midomoni. Hakuna njia ya mkato. Anayeanza kuipika saa 11 jioni atawalaza watoto wake na njaa, na tena atakuwa ameteketeza mkaa mwingi. Tangu Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alipotoa amri ya kupiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya biashara ya mkaa katika maeneo ya kaskazini na kaskazini-mashariki mwa nchi, mkaa umekuwa jambo la kufikiriwa mara mbili kabla ya kuwasha sigiri.

Jinja: ziwa liko karibu

Mji wa Jinja, ambao ulipewa hadhi ya jiji Julai 2020 siku moja na Mbale, umekaa pale mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria. Samaki wanaoshushwa kwenye mwalo wa Masese huweza kufika sokoni wakiwa wabichi kabisa. Mzungumzaji wa Kiswahili aliyezoea majina ya pwani au ya Mwanza hujifunza upesi kwamba sato hapa ni ngege, sangara ni mputa, na dagaa ni mukene. Akishajua majina hayo matatu, shida yake na wauzaji huwa imekwisha.

Samaki ndiye anayemfaa mpishi mwenye haraka, na sababu yake imo katika maumbile ya samaki mwenyewe. Misuli yake ni mifupi, imeunganishwa kwa utando mwembamba, na kolajeni yake huyeyuka katika joto la chini mno kuliko ile ya ng'ombe. Ndiyo maana vipande vya ngege huiva kwa dakika 10 hadi 15, na ndiyo maana pia huvunjikavunjika vikiachwa motoni kwa nusu saa.

Kwa hiyo mchuzi hutangulizwa na samaki hufuata. Kwa ngege wa kilo moja, mpishi huchemsha lita moja na nusu ya maji pamoja na vitunguu viwili, nyanya tatu au nne zilizokatwakatwa, kipande cha tangawizi kilichopondwa, kitunguu saumu na chumvi. Mchanganyiko huo huachwa uchemke robo saa hivi hadi nyanya zimalizike. Wakati huo huo samaki hupaliwa magamba, hutolewa matumbo na matamvua, kisha huoshwa. Matamvua yakisahaulika, supu nzima hupata uchungu. Kichwa hakitupwi, kwa sababu utamu mwingi wa supu hutoka humo. Vipande vikishaingia sufuriani moto hupunguzwa na mwiko huwekwa kando. Anayetaka kuchanganya huitikisa sufuria kwa mishikio yake. Ndimu hukamuliwa mwishoni, baada ya kuipua. Kwa mtoto mgonjwa, mchuzi huchujwa kwanza ili kuondoa miiba, hata pale ambapo mpishi ana hakika kwamba haimo.

Karanga: urahisi wenye hatari yake

Siku ambayo hakuna samaki mbichi kuna mukene wakavu, na hao huliwa kote, kuanzia ukingo wa ziwa hadi Mbale, umbali wa takriban kilomita 150 kwa njia ya Tirinyi. Kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, huwapa watoto madini ya kalsiamu ambayo samaki mkubwa aliyeondolewa miiba hawezi kuyatoa. Tatizo lao ni mchanga. Wale waliokaushwa juu ya ardhi huhitaji kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au zaidi, ilhali waliokaushwa juu ya vichanja huwa safi zaidi. Mpishi akikutana na wa vichanja, shilingi chache za ziada zinalipa.

Wenzi wa mukene ni karanga zilizosagwa, binyebwa kwa lugha ya Luganda. Kikombe kimoja cha karanga hizo hukorogwa kwanza katika maji baridi kidogo hadi madonge yaishe, kisha humiminwa katika sufuria yenye vitunguu na nyanya zilizokwisha kukaangwa, na kuongezwa maji ya vikombe vinne. Unga wa karanga ukitiwa moja kwa moja katika maji ya moto hufanya madonge yasiyoyeyuka tena. Moto uwe mdogo na mwiko ufike chini kila baada ya dakika chache, kwani karanga hushika chini upesi. Baada ya dakika 20 hadi 30 mafuta huanza kuelea juu, nayo ndiyo dalili ya kuiva. Mukene waliooshwa na kukaangwa kidogo huingia dakika 10 za mwisho.

Katika soko lolote la Jinja au Mbale karanga zilizokwisha kusagwa zinapatikana, na mtu mwenye haraka hushawishika kuzinunua. Hapa ndipo penye hatari. Karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa katika unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Sumu hiyo hudhuru ini, na kwa mtu anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza uwezekano wa saratani ya ini. Kwa wingi, huua haraka: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya. Kuchemsha hakuiondoi, kwa kuwa inahimili joto la jikoni, na pilipili au tangawizi huficha tu ladha ya ukungu.

Kinga iliyo mikononi mwa familia ni macho. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu, na kuzichagua na kuzitupa hupunguza hatari sana. Zikishasagwa hakuna anayeweza kuzitambua. Afadhali basi kununua karanga nzima, kuzichagua siku ya mapumziko huku watoto wakisaidia, kuzikausha vyema, kuzikaanga, na kupeleka kinuni au mashineni kiasi cha wiki moja tu. Kazi hiyo ya nusu saa siku ya Jumapili ndiyo inayoifanya supu ya Jumatano kuwa nyepesi. Zile zilizotupwa kwa ukungu wasipewe kuku wala ng'ombe anayekamuliwa, maana sumu hupita hata katika maziwa.

Mbale: moshi wa mlimani

Chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, supu ya karanga hupata mwenzi mwingine: malewa. Haya ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, ambayo humenywa, hukaushwa kwa moshi juu ya meko na kufungwa mafungu mafungu. Kwa Wagisu ni chakula cha heshima, na mgeni anayeandaliwa malewa hujua kwamba amepokewa. Mianzi mingi imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1993, na uvunaji wake umekuwa jambo la makubaliano, na wakati mwingine la mivutano, kati ya vijiji vya mpakani na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Mtu asiyeyazoea malewa huyadhania chakula kigumu cha kupika. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi ilikwisha fanywa na moshi. Kinachobaki ni kukumbuka usiku wa jana kuyaloweka katika maji mengi. Asubuhi, chai ikiandaliwa, sufuria ya malewa huchemshwa upande wa pili kwa muda wa nusu saa hadi saa moja, na maji yake humwagwa. Hatua hiyo isirukwe. Machipukizi ya mianzi kwa asili huwa na viambata vinavyoweza kutoa sayanidi, na kuloweka, kuchemsha na kumwaga maji ndiko kunakoviondoa, pamoja na uchungu. Baadhi ya wapishi hutia magadi kidogo ili yalainike upesi. Jioni hukatwa vipande vidogo na kutiwa katika supu ya karanga kama ilivyoelezwa, na harufu ya moshi huchukua nafasi ya nyama. Huliwa kwa posho, ndizi au viazi.

Kwa familia isiyokula kwa wakati mmoja, kapu huokoa mkaa. Sufuria iliyochemka vizuri hufunikwa, huwekwa ndani ya kapu lililotandikwa majani makavu ya mgomba au blanketi kuukuu, kisha hufunikwa tena juu. Maharage na mulokoni huendelea kuiva humo bila moto, na supu hubaki ya moto hadi anayechelewa kazini arudi. Supu inayofukiza moshi inapofunuliwa iko salama. Iliyopoa hadi vuguvugu na kukaa zaidi ya saa 2 haifai kuonjwa kwa matumaini. Inayobaki igawanywe katika vyombo vidogo ipoe haraka, iwekwe katika jokofu kama lipo, na kesho yake ichemshwe hadi itokote kabisa kabla ya mtoto kupewa. Supu ya samaki ni bora imalizwe usiku uleule.