Hatari Kabla ya Kuruka: Funzo la Ajali ya Mokuleia

Jioni ya tarehe 21 Juni 2019, jua likikaribia kuzama, ndege ndogo ya injini mbili aina ya Beechcraft King Air ilishika kasi kwenye njia ya kurukia ya uwanja wa Dillingham, Mokuleia, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii. Ndani walikuwamo watu 11: rubani na abiria 10 waliokwisha kuvaa vifaa vya kurukia. Walikuwa wakipandishwa juu ili waruke kwa mwavuli na kuyatazama machweo wakiwa angani. Hawakufika huko. Mara tu baada ya kuacha ardhi, ndege ililalia upande wa kushoto, ikapinduka tumbo juu, ikaanguka karibu na uzio wa uwanja na kuwaka moto. Hakupona hata mmoja.

Anayesikia habari za vifo katika mchezo huu hukimbilia kuuliza kama mwavuli ulikataa kufunguka. Swali hilo ni la haki, lakini mara nyingi halilengi penye tatizo. Mwaka huo wa 2019, chama cha warukaji wa miamvuli cha Marekani kilirekodi vifo 15 katika miruko zaidi ya milioni 3.3. Mokuleia, watu 11 waliteketea kwa sekunde chache kabla hata mlango haujafunguliwa kwa ajili ya kuruka. Wala halikuwa jambo geni. Katika ripoti yake ya mwaka 2008, NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilihesabu ajali 32 za ndege za warukaji tangu mwaka 1980. Zilikuwa zimeua watu 172, wengi wao wakiwa warukaji wenyewe.

Nini kilitokea Mokuleia? Bawa huinua ndege kwa kuikata hewa kwa pembe ya wastani. Rubani akiinua pua kupita kiasi, au akikata kona kali, hewa hushindwa kuufuata mgongo wa bawa, na nguvu ya kuinua hutoweka ghafla. Ndege ikiwa juu sana, rubani ana nafasi ya kuishusha pua, kurudisha kasi na kuendelea na safari. Ikiwa ndiyo kwanza imeacha ardhi, nafasi hiyo haipo. Mwavuli nao haufai kitu hapo, kwa sababu unahitaji mamia ya mita ili ufunguke na kumpunguzia mtu kasi.

NTSB ilihitimisha kwamba rubani aliipaisha ndege kwa ukali uliosababisha bawa lipoteze nguvu ikiwa chini mno kuokolewa. Lakini wachunguzi hawakuishia kwa marehemu. Walirudi nyuma kuitazama ndege yenyewe.

Historia yake ilitisha. Mnamo Julai 2016, ndege hiyohiyo ilikuwa California, karibu na mji wa Byron, ikiwa na warukaji 14. Ikiwa juu ilipoteza nguvu ya kuinua, ikaanza kuanguka huku ikizunguka, na kipande cha bawa dogo la mkiani kikang'oka. Warukaji wote 14 walitoka wakatua salama kwa miamvuli yao, na rubani akafanikiwa kuitua ndege iliyojeruhiwa. Ikatengenezwa, ikarudi kazini, hatimaye ikapelekwa Hawaii. Wachunguzi waligundua kwamba bawa lake la kushoto lilikuwa limejipinda na halijarekebishwa. Bawa la namna hiyo huishiwa nguvu mapema kuliko mwenzake, na ndege huinamia upande huo. Kampuni iliyoiendesha, pamoja na fundi wake, walilaumiwa kwa kutoitunza ndege inavyostahili.

Jambo jingine lilikuwa uzito. Ndege za kazi hii kwa kawaida hung'olewa viti vya abiria, na watu huketi sakafuni au kwenye mabenchi. Wakisogea nyuma, uzito huelemea mkiani, na ndege inakuwa ngumu kuidhibiti. Ile ya Mokuleia ilikuwa imekaribia ukomo wa uzito wa nyuma. Wiki tatu baadaye, tarehe 14 Julai 2019, ndege ya warukaji ilianguka karibu na Umeå, Sweden, ikaua watu wote 9 waliokuwamo. Huko pia wachunguzi walitaja mkia kuelemewa, pamoja na mwendo mdogo, hali mbaya ya hewa na kazi iliyomzidi rubani kwa uzoefu aliokuwa nao.

Lakini lawama nzito zaidi ni ya sheria. Nchini Marekani, ndege ya kuwapandisha warukaji inaruhusiwa kuendeshwa chini ya kanuni zilezile zinazomhusu mtu mwenye ndege yake binafsi, ingawa abiria wamelipa. Ni sawa na daladala kukaguliwa kama gari la nyumbani. NTSB ilitoa mapendekezo ya kuimarisha usimamizi tangu 2008. Mwaka 2021 ilirudi tena kwenye suala hilo, safari hii ikihusisha ndege nyingine za biashara zinazopita kwenye mwanya huohuo. Katika ajali ya Mokuleia, udhaifu wa kanuni za mamlaka ya anga ulitajwa waziwazi kuwa miongoni mwa vilivyochangia. Watu 11 hawakustahili kufa ili onyo la miaka 11 lisikike.

Kwamba maafa haya yanaepukika, ushahidi upo. Januari 2015 injini ya ndege ya warukaji ilizimika juu ya Taupo, New Zealand, muda mfupi baada ya kupaa. Palikuwa na kimo cha kutosha, na kila mtalii aliruka akiwa amefungwa na mkufunzi wake. Wote 13 waliruka, rubani akiwamo kwa mwavuli wake wa dharura, na wote wakapona. Ndege iliangukia ziwani ikiwa tupu.

Mchezo huu umekwisha kutufikia. Watalii na wenyeji huruka Diani, kwenye pwani ya Kenya, na Waswahili walioko Ghuba huuona kila siku angani Dubai. Anayetaka kujaribu asiishie kuuliza bei na picha za video. Aulize ndege inakaguliwa na nani na lini, rubani ana uzoefu gani na ndege ya aina hiyo, uzito wa abiria unapimwa vipi, na kama kila mtu anafungwa mkanda wakati wa kupaa. Akijibiwa kwa kubabaisha, aondoke na fedha yake. Na mamlaka zetu za anga zisisubiri ajali ya kwanza: abiria aliyelipa nauli ana haki ya kulindwa kama abiria, hata kama nia yake ni kutoka ndegeni katikati ya safari.